Jinsi ya kuandaa usiku wa picha za zamani za Kimarekani mtaani kwenu hapa Tanga

Wazee wetu hapa Tanga wamekulia sinema. Sio TV, nasema sinema, ukumbi wenye giza na watu kibao wanapiga kelele kwa pamoja stelingi akitokea. TV huku bara imekuja 1994, kabla ya hapo ukitaka kumwona John Wayne unavaa vizuri unapanda baiskeli yako unaenda Majestic unapanga foleni. Kwahiyo babu wa miaka sabini na kitu pale Ngamiani anawajua makauboi kuliko mjukuu wake mwenye smatifoni, ila hana pa kuyasemea hayo maana kumbi zilishafungwa na wenzie aliokuwa anaenda nao wengi washatangulia mbele ya haki. Naandika hapa namna ya kumrudishia ule usiku, uani kwako au barazani, kwa gharama ambayo familia mbili tatu zikichangiana zinaimudu. Na nasema mapema kabisa, kazi kubwa sio projekta, kazi kubwa ni kuwafanya watu waongee.

Anza na watu, picha baadae

Watu wakisikia usiku wa sinema wanakimbilia kudaunlodi. Acha kwanza. Nenda kakae na wazee jioni pale wanapokunywa kahawa na kashata, uliza taratibu: ulikuwa unaenda ukumbi gani, unakaa chini mbele au juu balkoni, nani alikuwa anakupa hela ya tiketi, picha gani mpaka leo unaikumbuka. Na kina bibi waulizwe, tena wao ndo wanakumbuka nani alivaa nini na nani alimwona nani pale mlangoni. Ukiruhusiwa rekodi kwa simu, usipopata ruhusa andika tu kichwani.

Utakachokikuta ni kwamba wengi watakutajia picha za Kihindi kwanza, Raj Kapoor na wenzie, na wana haki yao maana pwani yote ilipenda picha za Kihindi kweli kweli. Usimkatishe mtu. Akimaliza atakuja mwenyewe kwenye makauboi, kwenye Tarzan, kwenye Charlie Chaplin, alafu karate. Hapo utasikia pia vitu ambavyo watu wanaamini ni vya Marekani kumbe sivyo, Django ile ya 1966 ni picha ya Waitaliano, na zile za Clint Eastwood amejifunika ponjo, lile vazi kama shuka la kuingiza kichwani, na sigara mdomoni ni za Muitaliano Sergio Leone, jangwa lile wala sio Texas, ni Hispania, Wamarekani pale ni Eastwood mwenyewe na waigizaji wenzie wachache. Bruce Lee ndo kinyume chake, yeye kazaliwa San Francisco mwaka 1940 ila picha zilizompa jina Afrika nyingi zimetengenezwa Hong Kong. Usiende kumsahihisha mzee wa watu palepale, hayo yahifadhi kwa siku yenyewe, utayasema kwa adabu na utashangaa atakavyofurahi kujua.

Kuhusu Tarzan niseme wazi msimamo wangu. Mie siweki. Johnny Weissmuller alikuwa muogeleaji mkubwa wa Olimpiki kabla hajawa Tarzan na kuogelea kwake ni raha kuangalia, lakini ile Afrika ilitengenezwa California na watu weusi mle ndani wamefanywa kama sehemu ya msitu. Mzee akiing'ang'ania sana weka kipande kifupi, alafu waambie watoto ukweli wa kile wanachokiona, wala usiwaachie wajiokotee wenyewe.

Picha za kuanzia

Ushauri wangu, usiku wa kwanza weka picha za kimya, zile za kabla ya sauti. Sababu ziko tatu na zote ni za maana. Hakuna Kiingereza cha kumsumbua mtu, bibi na mtoto wa chekechea wanaelewa sawasawa. Nyingi ni fupi. Na ya tatu ni haki, tangu Januari 1, 2025 filamu za Kimarekani zilizotoka mwaka 1929 kurudi nyuma ulinzi wake wa hakimiliki kule Marekani umeisha, kwahiyo tovuti ya Internet Archive imejaa picha hizi na unazishusha bure bila wizi. Angalia kitu kimoja tu, muziki uliobandikwa juu ya picha unaweza kuwa umerekodiwa juzi tu na ukawa na mwenyewe. Dawa yake nitaieleza chini, na ni dawa tamu.

Fungua na The Great Train Robbery ya 1903. Ni dakika kama kumi na mbili hivi, majambazi wanateka treni, wanakimbizwa, basi. Ila mwishoni kabisa kuna jambazi mmoja anakaa uso kwa uso na wewe, anainua bastola anafyatua kuelekea kwa watazamaji. Ile picha ina zaidi ya miaka mia moja na ishirini na bado watoto wanarudi nyuma kwenye mkeka. Ukishapata kicheko cha kwanza hicho usiku umeshafunguka.

Baada ya hapo weka Big Business ya 1929, Laurel na Hardy, yule mwembamba na yule bonge. Wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba kwenye jua kali la California, mwenye nyumba mmoja hataki, anaukata mti kwa mkasi, wao wanabandua kitu mlangoni kwake, yeye anavunja taa ya gari yao, na inaendelea hivo zamu kwa zamu mpaka nyumba na gari vyote havina maana tena, huku majirani na polisi wamesimama wanaangalia tu. Inachukua dakika kama ishirini na haihitaji maelezo yoyote, kila mtaa una ugomvi wa namna ile.

Picha kubwa ya usiku, hapa chagua kati ya Chaplin na Buster Keaton.

Chaplin chukua The Kid ya 1921. Masikini anaokota kichanga anakilea, kikikua wanafanya biashara pamoja, mtoto anatangulia kuvunja vioo vya watu kwa mawe alafu baba anapita kama bahati vile na vioo mgongoni, fundi vioo huyo amefika. Kuna sehemu mtoto anachukuliwa kwa nguvu kwenye gari kupelekwa kituo cha yatima, analia kanyoosha mikono, na Chaplin anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kumfuata. Andaa leso. Mtoto yule anaitwa Jackie Coogan na habari yake nzuri kuwasimulia watu baadae: alikuja kuwa tajiri utotoni, akafika ukubwani akakuta hela karibu zote mama yake na baba wa kambo wameshazitumia, akawashitaki mwaka 1938, na kesi ile ndo ilizaa sheria ya California ya 1939 ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Wazazi wenye vipaji vidogo nyumbani wataisikiliza hiyo kwa makini sana.

Keaton chukua Steamboat Bill, Jr. ya 1928, na ukiwa na muda mchache ruka uende moja kwa moja kwenye kimbunga mwishoni. Keaton amesimama mbele ya nyumba ya ghorofa, upepo unavuma, hajui lolote. Ukuta wote wa mbele unang'oka unamwangukia. Anapona kwa sababu pale alipo pameangukia dirisha la juu lililo wazi, linapita kichwani na mabegani vumbi linatimka, na yeye kabaki wima vilevile. Hakuna kompyuta pale, hakuna ujanja wa kamera, ni ukuta wa kweli na mtu wa kweli na dirisha lenye nafasi ndogo tu pembeni mwake. Simamisha picha hapo. Rudisha nyuma, waoneshe tena taratibu, waambie watazame viatu vyake, hasogei hata kidole. Babu mmoja wa Makorora alivyoiona akasema huyu alikuwa hana mtu wa kumkataza nyumbani.

Jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui: enzi zile kamera ilizungushwa kwa mkono na picha zilipigwa kwa kasi tofauti tofauti, mara nyingi chini ya fremu 24 kwa sekunde ambazo zimekuja kuwa kawaida baada ya sauti kuingia. Ukizicheza na mashine ya kasi ya sasa watu wanatembea kama wamekanyaga moto. Wengi wanadhani ndo zilivyokuwa, hapana. Kwenye VLC, ile programu ya kuchezea video, punguza kasi mpaka kama 0.80 uone, nyuso zinatulia, na vichekesho vinachekesha zaidi maana unaona mtu anafikiria kwanza kabla hajafanya. Jaribu nyumbani kabla, sio copy zote zinahitaji.

Mtafsiri na kinanda

Hapa ndo penye roho ya usiku wote, msiparuke. Picha ya kimya kule Marekani mara nyingi haikuoneshwa kimya, kumbi nyingi zilikuwa na mpiga piano, kumbi kubwa zina okestra au orgeni nzima, na picha za sauti zilivyoshika kuanzia mwishoni mwa 1927 maelfu ya wanamuziki wale wakakosa kazi. Kwahiyo ukizima ule muziki uliobandikwa (ndo ile dawa niliyosema) na kumweka kijana na kinanda pembeni ya kitambaa unakuwa unaionesha picha kama ilivyokusudiwa ioneshwe. Na sisi Tanga kwa kinanda hatuna shida, huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, taarabu imo mitaani mpaka leo, kijana anayepigapiga kwenye kikundi cha harusi anatosha kabisa. Mpe picha siku chache kabla aitazame. Asijaribu kuiga muziki wa Kimarekani, apige chake. Mbio za polisi zinakwenda vizuri sana na chakacha, kulia kwa mtoto kunataka taarabu ya taratibu, na pale ukuta unapoanguka anyamaze kabisa. Akiwepo mtu wa ngoma muweke karibu na watoto, milango ikigongwa kwenye picha na yeye anagonga.

Mtafsiri nae ni lazima. Wote tumekulia vibanda umiza, tunajua picha iliyotafsiriwa na kina Lufufu ilivyokuwa inanoga kuliko yenyewe. Picha za kimya zina maandishi yanayotokea katikati, yanakaa sekunde chache yanaondoka, kwahiyo mtafsiri lazima awe ameshayapitia na kuyaandika kwa Kiswahili kwenye daftari, asisome huku anawaza. Atafsiri maana, awape wahusika sauti, na aseme Kiswahili cha hapahapa. Ila mwekee mpaka mmoja: asiongee mfululizo. Pale uso wa Chaplin unapoongea wenyewe yeye atulie. Na mzee akidakia na hadithi yake, eti siku tuliyoiona hii umeme ulikatika tukagoma kutoka, mtafsiri ampishe. Ikibidi simamisheni picha kabisa mumsikilize, picha ipo tu haiendi popote.

Kama wazee wanataka picha ya sauti kwa usiku wa pili basi mie nawapendekezea Hatari! ya 1962, ya mtengenezaji Howard Hawks, John Wayne na wenzie wanakamata wanyama kwa ajili ya mazuu. Imepigwa hapa hapa Tanganyika upande wa Arusha, vifaru na twiga unaowaona wanakimbizwa ni wa kweli na waigizaji wenyewe wapo juu ya magari. Hii bado ina mwenyewe, kwahiyo nunua au kodi kihalali na iangalieni kama familia nyumbani, msiweke kiingilio. Wazee wa bara waliohamia Tanga kufanya kazi za mkonge wataanza kubishana mlima ule ni Meru au ni upi, waache wabishane.

Vifaa

Hapa nitapita haraka. Projekta ya kukodi zipo, wanaopiga picha za harusi na wanaofanya semina wanazo, chukua yenye mwanga wa kuanzia lumeni 3000 maana uani hapakosi taa ya jirani. Shuka jeupe la dabo lisilo na maua, pasi ipigwe kweli, mikunjo inaonekana usoni kwa watu. Kama mna ukuta uliopakwa chokaa ni bora zaidi. Ukitumia shuka pindo la chini lipitishie mwanzi au bomba ulifunge kamba pande zote mbili, upepo wa bahari jioni haucheki na mtu hasa mkiwa Raskazone au karibu na ufukweni. Spika moja ya kawaida kwa kinanda na maiki ya mtafsiri. Picha ziwe zimeshashushwa kwenye laptop na nakala kwenye flashi, usitegemee bando siku ya tukio. Umeme ukikatika msifadhaike, kahawa ipo na wazee wapo, ila kama kuna jirani mwenye jenereta mwombe kabla na mafuta mnunue nyinyi.

Siku, saa na ruhusa

Epuka masika, Machi mpaka Mei utapanga na mvua itapangua. Juni mpaka Septemba ndo pazuri, usiku una ubaridi kidogo na mbu wamepungua. Anza saa mbili usiku watu wakishaswali Isha, usibanane na Magharibi, giza halijakolea na nusu ya watu hawatakuja. Kama mtaani kuna matanga sogeza siku mbele bila kujiuliza. Alhamisi usiku kuna madrasa na dhikri sehemu nyingi kwahiyo ulizia kwanza, Jumamosi haina shida.

Mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa hata kama ni uani kwako, spika inavuka ukuta. Na mkitaka kuufanya uwe wa wazi, mabango na kiingilio, hilo tena ni jambo jingine, hapo kuna Bodi ya Filamu na kuna COSOTA, ofisi ya hakimiliki, pitieni kwa ofisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze. Mie nashauri ubaki wa familia na majirani, bure, kila nyumba ilete kitu. Bisi kwa watoto maana sinema bila bisi hainogi, mihogo ya kukaanga na kachumbari, kachori, ubuyu, chai ya tangawizi. Viti vya mbele wape wazee, sio nyuma kama wageni wa harusi, macho na masikio yao yanahitaji ukaribu, na watoto wakae mkekani miguuni kwao. Mpangilio huo una kazi yake, mtoto akiuliza swali anamuuliza aliye karibu, na aliye karibu ni babu.

Mapumziko ni ya muziki

Katikati ya picha fupi na picha kubwa weka mapumziko marefu, nusu saa na zaidi. Piga Jim Reeves kwanza. Yule bwana wa Texas alikufa kwenye ajali ya ndege karibu na Nashville Julai 31, 1964 na mpaka leo sauti yake ikitoka kwenye redio Afrika Mashariki kuna mtu anaacha anachokifanya. Skeeter Davis, Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams, wote hao watu wazima wanaimba nao neno kwa neno hata kama Kiingereza chenyewe hawakitumii. Ukiwa na mtu mwenye santuri na gramafoni inayofanya kazi mlete kama mgeni rasmi, ila aangalie spidi, sahani za zamani nzito zinavunjika kama sahani za chakula na zinazunguka mara 78 kwa dakika, zile kubwa za plastiki ya vinili zilizoanza 1948 ni 33, ndogo zilizoanza 1949 ni 45, ukikosea sauti inatoka ya kitoto au ya jini. Alafu changanya na vya kwetu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, waliosikiliza vile ndo haohao waliosikiliza hivi na kwenye dansi moja.

Alafu kuja kwenye soul, James Brown na Otis Redding, na hapo waulize kuhusu mavazi. Bugaluu, raizoni, afro. Waulize wanakumbuka nini kuhusu Operesheni Vijana iliyoanza Januari 1969, mini na wigi na suruali za kubana zikapigwa vita na vijana wa TANU, na Novemba mwaka huohuo kule Dar muziki wa soul ukapigwa marufuku kabisa. Hapa utapata maoni mawili yanayogongana uani kwako, mmoja atakwambia serikali ilikuwa sahihi, tulikuwa tunajenga taifa na hatukutaka kuwa vivuli vya watu, mwingine atakwambia kwani kupenda wimbo kulimzuia nani kulima. Wote wana la kusema na vijana wasikie kutoka kwao, maana kitabuni hawataikuta na sauti ile. Usiwe na haraka ya kurudi kwenye picha.

Rekodi, na ukishamaliza

Weka simu moja kwenye stendi imeelekea kwa wazee, sio kwenye kitambaa. Picha ya Chaplin dunia nzima inayo, ila sura ya bibi yako anaicheka hakuna mwingine mwenye nayo. Kila mtu ajue anarekodiwa na asiyetaka umtoe. Kesho yake sikiliza upya ukiwa umetulia, andika majina ya kumbi, ya mitaa, ya picha waliyoyataja, weka tarehe na jina la aliyesema, alafu copy moja ipeleke kwa familia ya kila mzee kwenye flashi kabisa maana meseji zinafutika.

Na waombe watafute nyumbani, kwenye masanduku na chini ya vitanda, mna vipande vya tiketi, picha walizopiga studio wamesimama kikauboi na kofia ya kuazima, kava za santuri. Usivichukue, vipige picha kwenye mwanga wa mchana bila kuwasha taa ya kamera na uvirudishe palepale. Mwenye nyumba akiamua mwenyewe kwamba anataka kitu chake kikae mahali salama mpeleke Urithi Tanga pale boma la zamani, wao tayari wanatunza picha za kale za mji, atazungumza nao ana kwa ana na atajua mwenyewe anakiacha au anarudi nacho. Usiku wa pili picha wachague wazee, we kazi yako itabaki kutafuta copy nzuri na kumtafutia mpiga kinanda nauli.